Wadau, hii nguo kwenu mnaiitaje? Nataka niandike bei kwa wateja wa nje ya Dar

MamaVitenge_Ilala

Habari zenu jamani, natumaini wote wazima. Mimi nauza nguo hapa Dar, kanga na vitenge nachukua mtaa wa Uhuru kwa wale wa jumla, mitumba ya watoto nachukua Karume, napiga picha naweka kwenye status na kwenye magrupu, mtu akipenda namtumia kwa basi. Mwanzoni wateja walikuwa wa hapa hapa na Moro, mtu akisema dera ni dera, akisema taiti ni taiti, biashara inaenda. Sasa ivi nimepata wateja wa Mombasa, Nairobi, Unguja na kuna dada mmoja yuko Bukavu, na kwa kweli Kiswahili ni kimoja ila makabati yetu hayafanani kabisa. Wa Mombasa kaandika anataka leso nne nzito zisizochuja, na mimi leso ninayoijua ni ya kufutia jasho na mafua. Wa Nairobi anataka rinda la mtoto wa miaka sita. Wa Unguja kauliza nna msuli wa rangi gani. Kila mmoja inabidi nimwambie nitumie picha, na mtu akishaanza kutafuta picha ndo kashaahirisha kununua hvyo.

Nataka nitengeneze orodha moja ya bei ambayo mtu akiisoma popote alipo anajua naongelea nini. Naombeni mniambie kwenu mnaitaje kanga, dera, gauni, suruali fupi za wanaume, fulana, ndala, kofia, nguo za ndani, yani vitu vya kila siku tu, suti na shela sina. Na kama kuna neno ambalo kwetu ni la kawaida ila kwenu lina maana nyingine niambieni mapema kabla sijalituma kwa mkwe wa mtu.

kiswahili_fasaha

Dada jibu ni rahisi, tumia Kiswahili sanifu basi. Ni kanga. Kamusi zipo, BAKITA wapo. Hao wanaosema leso wanaharibu lugha, leso ni kitambaa cha mfukoni, ukianza kuwafuata kila mtu na neno lake hutamaliza.

BintiMakadara

Assalaam aleikum. Dadangu wa Ilala nakuja kwako, lakini kwanza huyu ndugu hapo juu. Kuharibu lugha wapi? Leso ndilo jina la mwanzo la nguo hiyo. Katikati ya karne ya 19 hakukuwa na kanga dukani, kulikuwa na vitambaa vya mkono vilivyopigwa chapa, vyaja vimeungana kwenye jora, hivyo ndivyo vilivyoitwa leso, jina lenyewe latokana na Mreno na Mreno alikaa hapa kwetu hata akajenga Fort Jesus 1593. Wanawake wakaona badala ya kununua kimoja kimoja wakatiwe sita kwa pamoja, wakavikata katikati wakaviunga ubavu kwa ubavu, tatu kwa mbili, ikatoka nguo ya kujifunga mtu mzima. Baadaye ndio wafanyabiashara wakaanza kuleta iliyochapwa nzima nzima, nyingine zikiwa na madoadoa kama yule ndege kanga, na inasemwa jina la kanga likatoka hapo. Sasa Unguja na Bara wakachukua jina la ndege, sisi Mombasa tukabaki na la kitambaa. Hakuna aliyeharibu chochote, kila mtu alishika jina alilolikuta kwa bibi yake. Na kamusi nyingi nzuri zina leso kwa maana zote mbili, nenda kafungue vizuri.

Nenda pia Biashara Street hapa mjini, kuna duka la Kaderdina lipo tangu 1887, leso zake pembeni zimeandikwa Mali ya Abdulla. Mwanamke wa Kimvita akiingia dukani hatazami ua kwanza, atafuta yale maneno ya pembeni na jina, ndio ajue kama yafaa kupewa mkwe au yafaa kuvaliwa siku jirani yuko uwani.

Haya dada, biashara. Huku kwetu kitambaa cha kufutia jasho ni hanchifu, kwa hiyo mtu wa Mombasa akikwambia leso usihofu, yuataka kanga. Lakini muulize ni doti nne au ni vipande vinne, hapo ndipo watu wagombanapo na bei. Dera ni dera hivyo hivyo, watu walivaa sana hasa hii ya mikono mipana, mkiandika kijora pia wengi watafahamu lakini dera ndilo lauza. Nyinyi mwasema baibui, sisi twasema buibui, kama mdudu, hilo usilibadilishe ukimwandikia mtu wa Lamu au Mombasa maana hilo la kwenu laonekana kama umekosea kuandika. Ndala ni champali. Mtoto wa hapa ukimtuma ndala ataleta lakini moyoni ajua wewe ni mgeni.

msee_wa_Umoja

Sasa mathee wa Ilala. Mimi niko Nairobi na nguo nimeuza miaka, nikuelezee vile huku iko.

Rinda ni hiyo mnaita gauni. Haina story mingi, ya mtoto, ya mama, ya kanisa, yote ni rinda. Huku ukiandika gauni watu wanafikiria bibi harusi ama wale wanagradueti chuo kikuu, so mtu anatafuta nguo ya mtoto ya Jumapili atakupita tu akidhani hauna. Suruali ndefu utasikia watu wakisema longi, ama trausa, suruali wataelewa lakini inakaa kama ya mtihani wa shule. Fupi ni shoti, ile ya vitabu ni kinyasa lakini sijawahi skia mtu akienda Gikomba kuuliza kinyasa. Fulana hapa ni ile ya ndani, vesti, kwa hivyo kama unauza ile ya juu ya mikono mifupi andika tishati, hiyo ni muhimu sana juu mtu atanunua fulana kumi akitarajia vesti alafu mzigo urudi. Ya baridi ni sweta, na ile ya kofia nyuma tunaita jampa ama hudi. Kofia ya sufu ya mtoto ni boshori, ya kijana ni mavin, ile ya jua ni kepu. Ndala ni slipas, wengine wanasema patapata, na zile za matairi ni akala. Viatu kwa ujumla vijana wanaita ndula lakini usiandike hivyo kwa bei ya mama wa watu, andika viatu.

Leso hata sisi tunasema leso, si Mombasa peke yake. Shosho zetu huko ndani kabisa wanafunga leso, mtoto anabebwa na leso, jikoni ni leso. Ya pua ni hanki.

Ukileta mitumba huku, jua kwamba hatuangalii tu grade. Mzigo ukifunguliwa zile za kwanza kabisa, safi, hazina doa, zinaitwa kamera, na watu wa maduka wanakuja asubuhi sana kuzipigania. Zenye zinabaki mwisho zimerundikwa chini zinaitwa fagia. Sasa ukiandika tu mtumba safi, mnunuzi wa Nairobi hajui uko wapi hapo katikati. Ukiandika kamera na iwe kweli ni kamera, utauza. Ukimdanganya mara moja hatarudi na ataambia wengine.

MamaVitenge_Ilala

Binti Makadara asante sana, msee asante. Fulana imenisaidia mno maana nilikuwa nishaandika fulana za watoto doz tatu za Nairobi, nabadilisha leo. Ila hilo la rinda linanipa wasiwasi kidogo kwa wateja wa huku, maana huku rinda ni rinda la sketi. Halafu kwa suruali fupi hapa hapa Tanzania penyewe hatuelewani, mmoja pensi mmoja kaptula.

FundiKibo_Moshi

Mimi ni fundi cherehani, naomba nijibu hilo maana ndo chakula changu. Rinda kwetu ni ule mkunjo unaokunjwa kitambaa ukapigwa pasi ukashonewa kiunoni, ndo maana tunasema sketi ya marinda. Shule nyingi za sekondari barua ya kujiunga inamwambia mzazi alete sketi ya rinda boksi, hilo ni rinda ambalo mikunjo miwili inatazamana kwa nyuma na mbele inabaki bapa kama mlango wa boksi, tofauti na marinda ya kawaida yanayolala upande mmoja. Rinda boksi linakula kitambaa, kiuno cha inchi 28 ukitaka likae vizuri huwezi kuja na mita moja. Mzazi akija na kitambaa kidogo tunapunguza kina cha rinda na hapo ndo unaona sketi imekaa kama imekauka, mtoto akikaa kwenye dawati linafunguka lote na halirudi. Kwa hiyo dada akikuuliza mtu rinda angalia namba ya simu inaanzia wapi, ya Kenya anataka gauni, ya huku anaongelea mkunjo.

Suruali fupi nakupa ninavyojua mimi kwa kushona. Kaptula ni ile ya kitambaa cha suruali, ina mifuko, ina zipu, ina nafasi ya mkanda, ndo ya sare ya shule ya msingi kwa wavulana. Pensi ni neno la mtaani zaidi, kijana ananiletea suruali ya jinzi imechanika magoti anasema fundi nikatie iwe pensi. Bukta ina lastiki kiunoni, ya mpira au ya kulalia, haina zipu. Mtu akikwambia bukta halafu ukamtumia kaptula ya zipu atakurudishia na ana haki. Mchanganyiko upo na kuna wanaosema tofauti lakini ukienda kwa mafundi kumi mkoa wa Kilimanjaro wengi watakwambia hivi.

Fulana na singlendi na kaushi nazo ni hivyo hivyo. Kwangu fulana ina mikono, singlendi haina mikono, kaushi ni ile nyepesi ya ndani inayobana mwili.

Ushauri wangu mkubwa ni huu, jina liandike lakini bei isisimame kwenye jina. Chukua futi kamba, pima kifua, kiuno, nyonga na urefu kutoka begani, andika kwa inchi. Mtu wa Mombasa na mtu wa Moshi hawakubaliani jina la nguo ila inchi 40 ya kifua ni inchi 40 kote. Na dera usiseme tu fri saizi, dera nyingi zina upana mkubwa ndo lakini urefu unamshinda mtu mrefu, linaishia kwenye kifundo, na mama mrefu akilivaa mara moja hakutafuti tena. Andika urefu.

Malindi_Ungujani

Sie huku Unguja naona hatujasemewa. Msuli si shuka na si kitenge, ni nguo ya kiume ya kujifunga kiunoni, imeshonwa mduara, mwanamme akirudi kazini au msikitini anavua suruali anafunga msuli wake anakaa barazani. Kikoi nacho ni cha kujifunga ila hichi hakijashonwa, kina milia pembeni na aghlabu kina nyuzi zinaninginia nchani. Ukimletea mteja wako kikoi wakati anataka msuli atakushukuru lakini hatakivaa nyumbani maana kukifunga kina adabu yake, kikikuponyoka mbele ya watu ni aibu. Muulize wa kushona au wa wazi. Na rangi, wazee wanapenda zilizotulia, kijani kizito, kahawia, buluu.

Baibui ndo baibui, la zamani lilikuwa la kamba, siku hizi watu wanavaa abaya za Dubai na wanaita baibui hivyo hivyo. Kichwani ni mtandio, wakubwa zetu walikuwa na ukaya, ule mwepesi mrefu. Shela mnavyolisema nyinyi wa Bara mnakusudia gauni jeupe la bibi harusi la kukodi, sie shela ni la kujifunika, kwa hiyo siku ukiwa nalo hilo andika gauni la harusi.

Ndala ni malapa. Kiatu cha ngozi cha kiume cha wazi ni makubadhi, na zile za mbao za kuingilia chooni ni mitalawanda, sijui kama kuna anayeuza tena.

Kofia sasa. Nimeona kofia imepitwa haraka na mie siwezi kunyamaza. Kwetu ukisema kofia tu mtu anakusudia ile ya kushonwa kwa mkono, ya viua. Kitambaa cheupe kinakunjwa mara mbili, kinachorwa mauwa, halafu kila kitundu kinatobolewa kinazungushiwa uzi, kitundu kwa kitundu, mwanamke anafanya baada ya kazi za nyumba na inaweza kumchukua miezi. Wengi wanaoshona hawavai, wanaovaa hawajui kushona, na anayeuza dukani si yeye. Ikishafuliwa inatiwa wanga inavalishwa kwenye faruma, lile gogo la mbao la duara, ikauke kwenye umbo lake, bila hivyo inakaa kichwani imebonyea. Kuna za mashine zinatoka nje, bei ni chini kabisa, na kwenye picha ya simu zote zinafanana. Tafadhali dada ukiziuza andika wazi hii ya mkono hii ya mashine. Huko Dar mnaziita barakashia zote, na anayeumia ni yule mama aliyekaa miezi na sindano, mteja anamwambia mbona Dar nimeona ya bei ya soda.

Furaha_BKV

Miye niko Bukavu, labda ule dada yako ni jirani yangu, sisi hapa tunauzaka nguo kwa soko ya Kadutu. Kwanza nikupatie ile ya maana kuliko yote. Wewe unaandika "nauza vitenge". Hapa kwetu kuuza ni kutoa pesa na kuchukua kitu. Ule mwenye duka yeye anauzisha. Mtu wa hapa akisoma nauza bikwembe anaweza fikiri uko unatafuta za kununua, na yeye anakuambia hana. Andika nauzisha, ama weka bei tu, bei kila mutu anaelewa.

Kitenge tunaita kikwembe, zikiwa mingi ni bikwembe. Na hapa hatukati mbili mbili kama doti yenu. Pyese moja ni yadi sita, na yadi sita iko na sababu, mama anashonesha libaya ya juu, anafunga kikwembe moja chini, na ya pili anaweka juu yake. Ukimuletea yadi nne umemuletea nguo nusu, hawezi kwenda nayo kwa ndoa. Nusu pyese iko, lakini useme kabisa ni nusu. Wamama wa hapa wanajua sana wax, ile ya Hollande ya Vlisco ambayo wanafanya Helmond tangu 1846 bei yake iko mbali sana na ya Chine, wanageuza upande wa nyuma wanaangalia kama rangi imeingia sawa sawa pande mbili, wanasugua na kidole, wanasoma maandishi ya kandokando. Usiweke picha ya upande moja tu. Weka mbele, weka nyuma, na weka ile maandishi.

Kitu ingine, mutu wa huku ama wa Kigali akikuomba mupira, anaweza kuwa anataka nguo. Tishati na sweta yote ni mupira, Wanyarwanda wanasema umupira w'imbeho, wa baridi. Na mitumba kule Rwanda ni caguwa, ni Kiswahili chenu cha kuchagua kimeingia mule, lakini tangu walipandisha ushuru 2016, kutoka senti ishirini za dola mpaka dola mbili na nusu kwa kilo, mizigo ya caguwa kupita kule si bure, usimuahidie mutu wa Kigali bei ya Dar. Robe, ile gauni yenu, tunasema robo, ndala ni sapatu kwa wengi.

MamaVitenge_Ilala

Furaha Mungu akubariki, huyo dada wa Bukavu aliniandikia mara mbili "na wewe unauzisha?" na mimi nikamjibu ndio nauza, tukazunguka hapo kutwa nzima. Nimeelewa sasa. Yadi sita nitamwekea kamili.

Malindi umenigusa kwenye kofia. Nitaandika. Kama unamjua mama anayeshona na anataka kuuza bila dalali naomba tuwasiliane pembeni.

Mzee_wa_Isevya

Wanangu mmesema vizuri ila mnaongelea nguo za miji tu, na majina yanabadilika na miaka pia. Mimi ni wa Tabora, ujana wangu Dar miaka ya 70. Suruali ilikuwa pekosi, halafu ikaja bugaluu, chini imefunguka inafagia barabara, na viatu vya raizoni vyenye soli nene kiasi kwamba mtu mfupi anapanda anakuwa mrefu ghafla. Tulivaa kwa tahadhari, maana kabla ya hapo vijana wa TANU walikuwa na Operesheni Vijana, ilianza Januari 1969, vimini na suruali za kubana na mawigi vilipigwa marufuku na dada zetu walisumbuliwa barabarani na kwenye mabasi, jambo ambalo mpaka leo nasema halikuwa sawa, nguo ya mtu haikuwa adui wa taifa.

Majina ya nguo yalikuwa na uzito wake enzi hizo. Yanga ilipogawanyika kulikuwa na Yanga Kandambili na Yanga Raizoni, ukitaja kiatu tu mtu anajua uko upande gani, wale wa kandambili walijiona ndio wenye klabu na wale wa raizoni walionekana ndio wasomi na watu wa kisasa. Wakubwa serikalini walivaa suti ya Chou En-lai, yule waziri mkuu wa China aliyekuja kwetu 1965, na nyingine ya mikono mifupi ikaitwa Kaunda suti kwa jina la Rais wa Zambia. Zaire kwa Mobutu ile ile karibu ikaitwa abakosti na tai zikakatazwa. Na hiyo Kaunda suti imerudi, huko Kenya Rais Ruto anaivaa sana hadi Spika Wetang'ula Novemba 2023 akawakataza wabunge wasiingie nayo bungeni. Kwa hiyo mwanangu hizo ukipata zinauzika, na jina lake ni moja kuanzia Lusaka hadi Nairobi, hutahangaika nalo.

Mitumba nayo wakati inaanza kuingia watu waliiita kafa Ulaya, wakiamini ni nguo za marehemu wa Kizungu, mtu ananunua usiku mchana anakana. Leo vijana wanaiita mtumba tena kwa kujisifia. Usiandike kafa Ulaya kwenye orodha yako, wazee bado tunalikumbuka na wengine halijatutoka rohoni.

neema_k

Hakuna aliyejibu nguo za ndani, najibu mimi. Andika chupi na boksa na sidiria, hizo zinaeleweka kote. Makufuli ni ya huku kwetu mtaani tu, nina ndugu Kisumu nilimwandikia nna makufuli mapya akaniuliza ni ya mlango wa nje au wa ndani. Skintaiti nayo Kenya wanasema baika. Na shuka usiliache peke yake, huku ni la kitandani, mwingine anafikiria la Kimasai la kuvaa lubega, andika shuka la kitanda au shuka la Kimasai.

kiswahili_fasaha

Binti Makadara nimefungua kamusi, leso ipo kwa maana zote mbili kama ulivyosema. Bado naona kwenye mambo ya shule na serikali tushike neno moja, ila kwa biashara dada afuate wateja wake.

MamaVitenge_Ilala

Asanteni wote kwa kweli. Nimeamua hivi, sitafanya orodha moja. Nafanya ya Dar na Bara, ya Mombasa na Nairobi pamoja ila rinda na dera kwenye mistari yake, ya Unguja, na ya Bukavu kwa yadi. Vipimo vya fundi vinakaa kwenye zote. Binti Makadara swali la mwisho, hizo leso za mteja wangu wa Mombasa, doti zangu zimetoka kiwandani bado zimeungana, nizikate nizipinde kabisa kabla sijatuma? Hapa wateja wengi wananiomba niwapindie.

BintiMakadara

Usikate dadangu. Tuma vile vile zilivyoungana. Mtu wa huku akipokea leso iliyokatwa lazima afikiri imevaliwa au imerudishwa na mtu, na ukiikata vibaya hapo katikati, upande mmoja pindo latoka jembamba na mwengine latoka pana, na mji, ile sehemu ya katikati ya leso, hausimami sawa mgongoni ukijifunga. Kila mtu ana fundi wake anayemwamini kwa hilo, na wengine hawapindi mpaka leso imefuliwa kwanza ikaonekana kama yaruka. Wewe piga picha maneno yasomeke, pima uzito wa kitambaa kwa mkono kama hiyo nzito aliyoitaka ni nzito kweli, na mwambie kama rangi ni nyekundu ailoweke na chumvi peke yake kwa mara ya kwanza.